Daraja la Kyaka, urithi wa vita

Daraja la Kyaka huvuka Mto Kagera wilayani Missenyi, karibu na mahali ambapo barabara ya Karagwe huachana na ile ya Mutukula. Si la mawe wala la kale sana, lakini katika historia ya mkoa wa Kagera ni vigumu kulipata lenye uzito kulishinda.

Mapema Novemba 1978, baada ya ndege za Idi Amin kushindwa kulivunja kwa mabomu, majeshi yake yalililipua kwa baruti. Amin alikwisha kutangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Wananchi waliokuwa bado ng'ambo wakakatiwa njia ya kukimbilia. Mwezi huohuo wahandisi wa JWTZ walitandika daraja la muda, na wanajeshi wakavuka.

Hapo Kyaka magofu ya kanisa lililobomolewa vitani bado yamesimama.