Kimea, Moshi na Wiski: Historia ya Kileo Kilosa na Mikumi

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, mara nyingi fikira zetu huenda kwenye ngoma, ushairi na mavazi. Ni nadra kuukumbuka utamaduni uliomo jikoni na katika chungu. Hata hivyo, vitu ambavyo watu hula na kunywa, jinsi wanavyovitengeneza, na nani huruhusiwa kuvitumia na nani hukatazwa, hueleza historia ya jamii kwa uwazi usiopungua ule wa hati za serikali. Katika insha hii tunakusudia kuichunguza historia ya kileo katika nchi ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, na kuilinganisha na ile ya wiski za Uskoti na Marekani. Hatukusudii kumsifu mlevi, wala kumshawishi kijana aonje kitu kisichomfaa. Tunataka kujibu swali moja: ilikuwaje kinywaji cha nafaka cha Mskoti kikawekwa kabatini, kikapewa jina, umri na heshima, ilhali kinywaji cha nafaka cha mama wa Kilosa kilidharauliwa kwa muda mrefu, na pengine mwenyewe akafikishwa mahakamani?

Wenyeji wa nchi hii ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ambao tangu zamani walilima mtama, ulezi na baadaye mahindi. Pombe ya nafaka, ambayo katika lugha kadhaa za sehemu hizi na za jirani huitwa ugimbi au kwa jina linalofanana na hilo, ilikuwa kazi ya wanawake. Nafaka ililowekwa majini, ikafunikwa hadi ikachipua, kisha ikaanikwa juani na kusagwa. Unga huo wa nafaka iliyochipua ndio kimea. Uji ulipikwa, ukaachwa upoe, ndipo kimea kikatiwa ndani yake. Mpishi hakuhitaji kitabu cha kemia ili ajue kwamba kimea huugeuza wanga kuwa sukari. Aliutambua ukweli huo kwa ulimi, uji ulipoanza kuwa mtamu. Ukinywewa mapema, ni togwa, kinywaji cha mtoto na mgeni. Ukiachwa uendelee kuchacha, huwa pombe.

Pombe hiyo ilikuwa na kazi katika jamii. Aliyehitaji nguvu za majirani kulima shamba au kujenga nyumba aliwaandalia pombe. Ilikuwapo katika mahari, katika matambiko na katika kusuluhisha ugomvi. Tena haikuweza kuwekwa akiba, kwa kuwa baada ya siku chache huharibika. Kwa sababu hiyo ilibidi inywewe na wengi kwa pamoja, na msimu wa pombe ulifuata msimu wa mavuno. Mwaka wa njaa ulikuwa mwaka wa vyungu vitupu. Kwa hiyo mipaka ya ulevi iliwekwa na ghala lenyewe, pamoja na macho ya wazee.

Vinywaji vikali vya kigeni vilipoingia, vilikuja na watu wenye haja zao. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walipita Usagara wakitafuta ardhi kwa niaba ya chama cha ukoloni cha Kijerumani. Tarehe 29 Novemba mwaka huo, huko Msovero, ambako sasa ni katika Wilaya ya Kilosa, Peters alipata mkataba uliowekwa alama na Mangungo. Kwa karatasi hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya Kijerumani, Mangungo alidaiwa kuitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa ajili ya ukoloni wa Wajerumani. Kila mwanafunzi wa historia nchini mwetu amelisikia jina la Mangungo, na aghalabu hulisikia likitajwa kwa kejeli. Lakini jambo moja halitajwi vya kutosha. Katika maandishi yake ya baadaye, Peters mwenyewe hakuficha kwamba katika safari ile kileo kikali na zawadi vilitangulia mikataba, ili kuwachangamsha watawala kabla ya mazungumzo. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitia saini hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa njia hiyo.

Tukumbuke desturi tuliyoieleza hapo juu. Kwa mtu wa Usagara, kunywa pamoja na mgeni kulikuwa ishara ya udugu na amani. Peters aliichukua ishara hiyo akaigeuza kuwa chombo cha biashara. Kwa hiyo anayemcheka Mangungo hana budi kujiuliza kwanza ni nani aliyeivunja adabu ya chungu.

Ukoloni ulipokwisha kusimama, wakubwa waligeuka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba mwingine, uliotiwa saini Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919, ulikaza zuio hilo. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika chini ya Udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule, hati ya mwaka 1922 iliwataka waisimamie vikali biashara ya pombe kali. Maneno ya mikataba hiyo yalikuwa ya huruma, na hatukatai kwamba pombe ya magendo ilikuwa imeleta maafa katika pwani nyingi za Afrika. Lakini sheria ilipotekelezwa, iligawa watu kwa rangi. Mzungu aliruhusiwa kunywa wiski yake jioni, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mtu mwenye kiasi. Mwafrika alizuiwa, hata kama ni mwalimu au karani, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mtoto. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni tu. Ndivyo wiski ilivyokuwa alama ya cheo, na alama hiyo haijafutika kabisa hadi leo.

Wakati huohuo reli ya kati ilikuwa imepita Kilosa, na mashamba ya mkonge yalikuwa yameenea Kimamba na sehemu za jirani. Vibarua walitoka mbali, wakalipwa fedha, wakaishi kambini bila wazee wao. Pombe ikaacha kuwa shukrani ya kazi ya ujirani, ikawa bidhaa. Vilabu vya pombe vilianzishwa kwa leseni, na ushuru wake ukaingia katika hazina za utawala wa wenyeji. Katika miaka ya 1950 mtaalamu T. O. Beidelman alifanya utafiti Ukaguru, na mwaka 1961 alichapisha makala juu ya unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe huko. Alionyesha jinsi kilabu kilivyowakutanisha mkulima Mkaguru na mfugaji Mbaraguyu, watu wawili waliohitajiana na kutiliana shaka. Kwa mama mwenye chungu, kilabu kilikuwa mahali pa kupatia fedha za chumvi, nguo na karo ya watoto.

Pembeni mwa vilabu palikuwa na moshi, ambao wengi huuita gongo. Pombe iliyochacha huchemshwa katika chombo kilichofunikwa, mvuke wake hupitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji, na matone hukingwa upande wa pili. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Moshi Na. 62 ya mwaka 1966, iliyoweka utengenezaji wake chini ya leseni. Asiyekuwa na leseni, ambaye ndiye aliyekuwa wengi, alibaki mhalifu.

Sasa tuvuke bahari tukaitazame wiski yenyewe. Ile iitwayo kimea kimoja hutengenezwa Uskoti kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja. Shayiri hulowekwa, huchipua na kukaushwa, kama mtama wa Ukaguru. Tofauti ni kwamba Waskoti hawana jua la kutosha, hivyo huikausha kwa moto. Katika kisiwa cha Islay wengi hutumia moto wa udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa karne nyingi, na harufu yake hubaki katika kinywaji. Kwa hiyo wiski ya Islay hunukia moshi hasa, kama samaki wa kubanikwa, ilhali ile ya bonde la Spey huwa laini na yenye harufu ya matunda na asali. Wiski ya Marekani iitwayo bourbon huhitaji nafaka ambayo angalau asilimia 51 yake ni mahindi, nayo huwekwa katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyounguzwa ndani. Utamu wake unaofanana na sukari iliyoungua hutokana kwa sehemu kubwa na pipa hilo. Sheria inayodai pipa jipya huwaachia Wamarekani mapipa mengi yaliyokwisha kutumika, na Waskoti huyanunua ili kuhifadhia wiski yao.

Msomaji ataona kwamba elimu ya msingi ni moja: kimea, kuchacha, mvuke, bomba la baridi. Kinachotofautisha ni mambo mawili. La kwanza ni muda. Wiski ya Uskoti haina ruhusa ya kuitwa wiski kabla ya kukaa katika pipa miaka 3 au zaidi, na kila mwaka karibu asilimia 2 yake hupotea hewani. Ni mtu mwenye mtaji tu awezaye kuacha mali yake ikipungua hivyo kwa miaka 12. La pili ni sheria. Waskoti nao waliwahi kupika wiski mafichoni milimani wakikimbia watoza ushuru. Sheria ya mwaka 1823 ilishusha gharama za leseni, na mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akakata leseni. Inasimuliwa kwamba ilimbidi atembee na bastola kwa kuwaogopa majirani waliobaki katika magendo. Huko Marekani, kodi ya wiski ya mwaka 1791 ilizusha uasi wa wakulima wa Pennsylvania, uliozimwa kwa jeshi mwaka 1794. Lakini mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitangaza bourbon kuwa mali ya pekee ya nchi hiyo. Mhalifu wa jana alikuwa amegeuka fahari ya taifa.

Nchi yetu nayo haikukaa bure. Tangu miaka ya 1970 kiwanda cha Tanzania Distilleries mjini Dar es Salaam kimetengeneza konyagi, kinywaji cheupe chenye kileo cha asilimia 35, ambacho kimejipatia jina ndani na nje ya mipaka yetu. Kusini mwa Mikumi, katika njia iendayo Kidatu na Ifakara, yako mashamba ya miwa ya Kilombero, ambayo kiwanda chake cha Ruembe kilifunguliwa mwaka 1976. Katika miaka ya 2010 kampuni hiyo ilijenga mtambo wa kugeuza molasi kuwa spiriti safi. Hivyo miwa ya wakulima wa Ruhembe ina sehemu yake katika chupa za taifa. Jina la Mikumi lenyewe ni la mti, ule mtende mrefu wa porini ambao Waswahili huuita mvumo, na ambao utomvu wake katika nchi nyingine za Afrika na Asia hugemwa tembo.

Hata hivyo, tusidanganyike. Ulevi ni ulevi, uwe wa kikombe cha bati au wa bilauri ya kioo. Moshi unaotengenezwa bila kipimo waweza kuua. Nguvu yake haijulikani, vyombo vyake huenda vina sumu, na wapo wauzaji wanaochanganya spiriti za viwandani zenye methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Vilevile pombe kali ya viwanda, ilipouzwa kwa bei nafuu katika pakiti za plastiki zilizoitwa viroba, iliwafikia hata watoto wa shule, na Serikali ikazipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Chungu cha zamani kilikuwa na mavuno na wazee wa kukidhibiti, lakini kiroba hakikuwa na mlinzi.

Tunarudi sasa kwenye swali letu. Wiski haikupata heshima kwa sababu Mskoti alizaliwa na akili kuliko mama wa Ukaguru. Aliipata kwa sababu sheria ya nchi yake ilimtoa mafichoni, ikampa kipimo, leseni na muda. Mama yetu alipewa mkutano na polisi. Hatusemi kila mtambo wa gongo uachwe. Afya za watu haziruhusu hivyo. Tunasema elimu ya kimea ni elimu, na haifai kufa kwa aibu.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kilosa na Mikumi, kazi iko mlangoni. Waendeeni bibi zenu, mwaulize walivyochagua mtama, walivyojua siku ya kimea, na ni nani aliyenyweshwa kwanza siku ya kulima. Yaandikeni majibu hayo. Na mtakapofika somo la Mangungo, msiishie kwenye kicheko.