Tezi Nne Zilizodharauliwa

Katika mwaka wa 1849 kifaru mmoja wa Bara Hindi alikufa katika bustani ya wanyama ya London. Richard Owen, mtaalamu wa maumbile ya wanyama, aliupasua mzoga ule ili auchunguze. Shingoni, karibu na tezi ya thairoidi, akaona kitezi kidogo chenye rangi ya manjano. Alikitaja katika taarifa yake, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza kazi yake ni nini.

Miaka ikapita. Mnamo mwaka wa 1877, katika Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Ivar Sandström aliona vitezi kama hivyo katika shingo ya mbwa. Hakutosheka na kuona mara moja. Alivitafuta kwa paka, sungura, ng'ombe na farasi, kisha katika maiti 50 za binadamu. Aligundua kuwa kwa kawaida mtu anavyo vinne, na kila kimoja ni kadiri ya punje ya mchele. Mwaka wa 1880 alitoa makala juu ya jambo hilo kwa lugha ya Kiswidi, lakini ni wachache tu walioisoma.

Wakati huo huo watu walikuwa wakiteseka. Mjini Vienna wapasuaji walikuwa hodari wa kukata rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi. Walipoiondoa tezi yote, mara nyingine waliviondoa pamoja nayo vile vitezi wasivyovijua. Siku chache baadaye vidole vya mgonjwa vilikakamaa, misuli ikavutika kwa maumivu makali, na wengine wakafa. Madaktari walistaajabu, maana kidonda chenyewe kilikuwa kikipona vizuri. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka wa 1891 Mfaransa Eugène Gley alionyesha kwamba sungura akiondolewa vitezi hivyo pamoja na thairoidi hushikwa na mkakamao ule ule. Kisha, mwaka wa 1909, William MacCallum na Carl Voegtlin wa mji wa Baltimore, Marekani, walipima damu ya mbwa walioondolewa vitezi hivyo, wakaona kalsiamu yake imepungua mno. Walipowadunga kalsiamu, mkakamao ulikoma. Fumbo likafumbuliwa.

Leo twajua mambo yalivyo. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ya uzito wa kilo moja hivi. Katika kila sehemu 100, sehemu 99 zimo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayowezesha moyo kupiga, misuli kujikunja na damu kuganda. Basi mifupa si nguzo tu, bali pia ni ghala. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi za parathairoidi hutoa homoni. Homoni hiyo huamuru ghala lifunguliwe, huzuia figo zisiipoteze kalsiamu katika mkojo, na huzifanya ziitie nguvu vitamini D, ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka katika chakula. Kiasi kikitosha, tezi hupunguza kazi yake.

Lakini bawabu akizidisha bidii, ghala huisha. Charles Martell, nahodha wa meli wa Marekani, alikuwa na uvimbe katika tezi moja, nayo ikatoa homoni kupita kiasi. Mifupa yake ililainika na kuvunjika mara kwa mara, na kimo chake kikapungua kwa inchi saba hivi. Alipasuliwa shingoni mara sita bila mafanikio. Mara ya saba, mwaka wa 1932, uvimbe ulipatikana ndani ya kifua. Hata hivyo alikuwa amekwisha kudhoofika, akafa mwaka huo huo.

Naye Sandström? Alifariki mwaka wa 1889, akiwa na umri wa miaka 37, miaka miwili kabla Gley hajaonyesha thamani ya kazi yake. Leo wapasuaji wanaoikata tezi ya thairoidi hujitahidi kuvitambua vitezi vile na kuvilinda. Hiyo ndiyo heshima ya mwanafunzi yule aliyekataa kukipita kitu kwa sababu ya udogo wake.