Motokaa Ndogo na Haja za Watu

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mapatano tu. Lakini vyombo vya kila siku navyo vina historia yake: jembe, taa, cherehani na baiskeli. Mtu akiuliza chombo fulani kilianzia wapi, nani alikihitaji, na kwa nini kilipewa umbo hili kikanyimwa lile, atajikuta amefika kwenye vita na mapatano yale yale, ila amepitia mlango wa uani. Basi, msomaji, nakuomba tutazame pamoja chombo kimoja cha namna hiyo, nacho ni motokaa ndogo ya mjini: ile inayompeleka mwenyewe kazini asubuhi, ikampitisha sokoni jioni, na kupata mahali pa kusimama katika mtaa ambao motokaa kubwa haiwezi hata kugeuka.

Hapo mwanzo motokaa ilikuwa mali ya matajiri. Aliyeinunua alikuwa na banda la kuiweka, dereva wa kuiendesha, na fedha za kuitengeneza ilipoharibika. Mtu wa kipato cha wastani katika Uingereza, akitaka kutembea na mke na watoto, alinunua pikipiki yenye kigari cha ubavuni, na mvua iliponyesha wote walilowa. Tena kuanzia mwaka 1921 serikali ya nchi hiyo ilitoza kodi ya pauni 1 kwa mwaka kwa kila nguvu ya farasi moja ya injini, ikipimwa kwa kanuni maalumu. Kodi hiyo ilifanya injini kubwa kuwa mzigo, na injini ndogo kuwa nafuu.

Wakati huo kampuni ya Herbert Austin ilikuwa katika hali mbaya ya fedha. Austin aliona ya kuwa wokovu wake umo katika motokaa ndogo kabisa, lakini wakurugenzi wenzake hawakukubali. Hakukata tamaa. Alimchukua kijana mmoja mchoraji wa mitambo, Stanley Edge, mwenye umri wa miaka 18, wakaichora motokaa hiyo nyumbani kwa Austin mwenyewe. Mwaka 1922 ikatangazwa kwa jina la Austin Seven. Ilikuwa na magurudumu manne, breki katika magurudumu yote, na nafasi ya watu wazima wawili na watoto wao. Hadi mwaka 1939, ilipokoma kutengenezwa, zilikuwa zimeuzwa karibu 290,000. Ujerumani nako ilitengenezwa kwa ruhusa, kwa jina la Dixi, na kampuni ya BMW iliponunua kiwanda hicho mwaka 1928 iliingia katika kazi ya motokaa kwa mlango huo mdogo. Kumbuka, msomaji, ya kwamba kijana wa miaka 18 alikuwa na sehemu katika jambo hilo. Umri wake haukupita sana umri wako.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimebomoka. Watu walihitaji kwenda kazini, lakini chuma kilikuwa adimu na petroli ghali. Katika Italia mafundi walianza na pikipiki nyepesi za Vespa mwaka 1946. Kisha mwaka 1957 kampuni ya Fiat ilitoa motokaa yake mpya ya 500, iliyobuniwa na mhandisi Dante Giacosa. Urefu wake haukufika mita 3. Injini yake, yenye sentimita za ujazo 479, ilipozwa kwa hewa na kuwekwa nyuma. Na sehemu ya paa ilikuwa ya turubai. Miji ya Italia ilijengwa zamani kwa ajili ya miguu ya watu na kwato za punda, na vichochoro vyake havikupanuka kwa sababu motokaa zimezuka. Ilibidi motokaa ndiyo ijipunguze. Fiat 500 ilijipunguza, na hadi mwaka 1975 ziliuzwa zaidi ya milioni 3 na nusu.

Katika Ujerumani, viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za vita vilikatazwa kufanya kazi hiyo, navyo vikatafuta kazi nyingine. Messerschmitt, jina lililotisha angani, likabandikwa kwenye kigari cha magurudumu matatu ambamo abiria aliketi nyuma ya dereva kama katika ndege. BMW nayo ilitengeneza Isetta, iliyobuniwa Italia, ambayo mlango wake ulikuwa mbele kabisa; ukitaka kuingia, ulifungua uso wa motokaa pamoja na usukani wake. Watu walivicheka vigari hivi wakaviita mapovu, lakini waliovicheka kwa miguu walipitwa na waliovipanda.

Sasa tufike kwenye kisa kinachotuhusu na sisi wa Afrika. Tarehe 26 Julai 1956, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alitangaza ya kuwa Mfereji wa Suez umekuwa mali ya taifa lake. Mwishoni mwa Oktoba Israeli iliishambulia Misri, na Uingereza na Ufaransa zikafuata. Mfereji ukazibwa kwa meli zilizozamishwa. Meli zilizotoka Mombasa kwenda Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mafuta ya Mashariki ya Kati yakachelewa kufika London. Desemba mwaka huo serikali ya Uingereza ilianza kugawa petroli kwa kipimo, na mgawo huo uliendelea hadi Mei 1957. Mtu mwenye motokaa kubwa aliiacha imesimama. Mwenye motokaa ndogo alikwenda kazini.

Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC, hakuvipenda hata kidogo vile vigari vya mapovu vilivyojaa barabarani. Alimwita mhandisi wake Alec Issigonis, akamwagiza abuni motokaa ndogo iliyo motokaa kweli. Issigonis alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo huitwa Izmir, nchini Uturuki. Mwaka 1922 vita viliikimbiza familia yake. Baba yake alifariki katika kisiwa cha Malta, na kijana akafika Uingereza pamoja na mama yake. Shuleni alishindwa mtihani wa hisabati mara tatu. Simtaji ili udharau hisabati, msomaji. Namtaja ili ujue kwamba kushindwa mtihani hakumalizi akili ya mtu. Kabla ya hapo alikwisha kubuni Morris Minor, iliyotoka mwaka 1948.

Tatizo alilopewa lilikuwa hili: motokaa isizidi urefu wa futi 10, nayo ichukue watu wazima wanne na mizigo yao. Motokaa za desturi zilikuwa na injini iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma, na mhimili mrefu uliopita sakafuni kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Issigonis aligeuza injini akailaza upande kwa upande. Gia akaziweka chini ya injini, zikatumia mafuta yale yale ya kulainisha. Nguvu akaipeleka kwenye magurudumu ya mbele, na kwa hiyo ule mhimili wa sakafuni ukatoweka. Magurudumu akayafanya ya inchi 10 tu, akayasukuma hadi pembeni kabisa. Mahali pa springi za chuma Alex Moulton alibuni koni za mpira. Kwa hila hizi zote, karibu sehemu nane katika kumi za urefu wa motokaa zilibaki kwa watu na mizigo. Ilitangazwa tarehe 26 Agosti 1959, na bei ya ile ya chini kabisa, pamoja na kodi, haikufika pauni 500. Hiyo ndiyo Mini.

Haikukosa ila. Zile za kwanza ziliingiza maji sakafuni wakati wa mvua, na madirisha yake yalisukumwa kando badala ya kuteremshwa. Lakini wauguzi, walimu na makarani waliinunua, na matajiri wakainunua vilevile, kwa sababu ilipita mahali ambapo zao kubwa hazikupita. Wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Dau hili lilikwenda: Mini ilishinda mashindano ya Monte Carlo katika miaka ya 1964, 1965 na 1967, ikiziacha nyuma motokaa zenye injini kubwa kuliko yake. Iliendelea kutengenezwa hadi Oktoba 2000, na jumla yake ilizidi milioni 5. Ukitazama leo motokaa nyingi ndogo zipitazo Nairobi, utakuta injini zake zimelazwa upande kwa upande na nguvu iko mbele. Jibu la Issigonis limekuwa jibu la dunia nzima.

Wajapani walishika njia yao wenyewe. Mwaka 1949, nchi yao ingali maskini kwa kushindwa vita, serikali iliweka daraja maalumu la motokaa ndogo, ikalipunguzia kodi. Mipaka ya daraja hilo ilibadilishwa mara kadhaa: injini ya sentimita za ujazo 360 katika miaka ya 1950, 550 kuanzia 1976, na 660 kuanzia 1990. Siku hizi motokaa ya daraja hilo haizidi urefu wa mita 3.4 wala upana wa mita 1.48. Suzuki, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza mitambo ya kufumia nguo, ilitoa Suzulight yake mwaka 1955. Subaru 360 ikafuata mwaka 1958. Umaskini ulikwisha, Japani ikatajirika, lakini motokaa hizo hazikuachwa. Hapo pana fundisho: kitu kilichozaliwa kwa dhiki huweza kupendwa hata wakati wa neema, kama kimetengenezwa vizuri.

Kutoka Japani njia yaja hadi kwetu. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Kwa sababu hiyo motokaa zilizokwisha kutumiwa huko hupakiwa melini, zikateremshwa Mombasa na kuanza maisha ya pili. Toyota Vitz, iliyotoka kwanza mwaka 1999, imejulikana Kenya hata kwa watoto. Wako waitaniao kwa udogo wake. Lakini muulize mwalimu au mwuguzi anayeimiliki, atakuhesabia: petroli kidogo, mipira ya bei nafuu, mahali pembamba pa kuisimamisha, na mtoto mgonjwa aliyefikishwa hospitali usiku bila kumgongea jirani mlango.

Hata hivyo, mwenye kuandika historia hapaswi kuwa mwenye kuuza motokaa. Yako mambo mawili ambayo sharti tuyapime.

La kwanza ni uhai wa watu. Katika India, Maruti 800 iliyotolewa mwaka 1983 kwa msaada wa Suzuki iliwafungulia njia watu wa kipato cha wastani. Mwaka 2008 kampuni ya Tata ilionyesha Nano, iliyokusudiwa kuuzwa kwa rupia laki moja. Ratan Tata alieleza kwamba aliwaona watu wa familia nzima wamepandana juu ya pikipiki moja, akataka kuwapa chombo salama zaidi. Nia ilikuwa njema. Lakini wakulima wa Singur waligombania ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya kiwanda, hata kiwanda kikahamishwa; na mwaka 2014 Nano ilipogongeshwa kwa majaribio haikupata hata nyota moja ya usalama. Wanunuzi nao hawakupenda kuonekana katika motokaa iliyosifiwa kwa urahisi wa bei tu. Mwaka 2018 ikakoma kutengenezwa. Hapo twaona ya kuwa kupunguza bei ni kazi moja, na kulinda uhai ni kazi ya pili, na ya pili haifai kusahauliwa kwa ajili ya ya kwanza.

La pili ni nafasi. Chukua kalamu, msomaji, ufanye hesabu nyepesi. Watu 14 wakienda kazini kila mmoja katika motokaa yake ya mita 3, motokaa hizo zikipangwa bila kuachana hata shubiri, zitajaza mita 42 za barabara. Watu hao hao wakipanda matatu moja watatumia kama mita 5. Kwa mtu mmoja mmoja, motokaa ndogo ni nafuu kubwa. Kwa mji mzima, motokaa ndogo elfu kumi ni msongamano uleule uliogawanywa vipande vidogo. Aliyenunua motokaa ili awahi kazini huweza kuchelewa kwa sababu jirani zake wote wamepata wazo kama lake. Mji wenye busara utajenga njia za miguu na kutengeneza mabasi mazuri, na kumwachia mwenye motokaa ndogo zile safari ambazo basi haliwezi.

Haya yote yatuonyesha nini? Kodi ya pauni moja, vichochoro vya kale, mfereji uliozibwa, nchi iliyoshindwa vita: kila jambo kati ya hayo liliacha alama yake katika umbo la motokaa. Siku hizi nchi ya China hutengeneza vigari vya umeme vifupi kuliko Mini, na dhiki inayoviumbia umbo ni moshi wa miji na bei ya mafuta. Pengine wewe utakuwa miongoni mwa watakaobuni au watakaochagua chombo kitakachofuata. Siku hiyo usianze kwa kuuliza kina ukubwa gani au kinang'aa namna gani. Uliza kitambeba nani, kitamwachia nani njia, na kama kitamfikisha salama. Chombo kikijibu maswali hayo matatu, udogo wake hautakuwa aibu kwa mtu.