Safu ya Lugha: Mfumodume

Mfumodume ni “mfumo” na “dume”, mwenzake “jike”, maneno tunayoyatumia zaidi kwa wanyama. Ndiyo maana neno hili lina kejeli ambayo “utawala wa wanaume” haina.

Msomaji wa Mkolani, Mwanza, hahitaji kwenda mbali kupata mfano wa mfumo huo. Apande daladala hadi mjini, avuke kwa meli hadi Nansio. Yuko Ukerewe, kwenye Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Zakaria, mlevi, anamcharaza bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana.

Wanaufeministi wa msimamo mkali husema mzizi wa dhuluma hauko kwenye sheria na mishahara pekee. Unaanzia nyumbani, pale mwili wa mwanamke unapomilikiwa na mwingine. Rosa, akishatoka mikononi mwa baba, anaasi kwa mwili uleule uliochungwa. Lakini ameasi peke yake, na uasi huo unammaliza yeye, si mfumo.

Basi tulitumie neno kwa uangalifu: liandikwe pamoja, na asiitwe mfumodume mwanamume mmoja mkorofi. Zakaria ni mtu. Mfumodume ndio uliomkabidhi fimbo.