Mchepuko na mwinamo wa dira

Dira siku hizi ni neno la mipango ya serikali. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, inatukumbusha dira ya mkononi. Oktoba 1873, Chuma na Susi walipofika hapo na mwili wa bwana wao, mpelelezi Livingstone, mpelelezi mwenzake Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya marehemu vya kupimia, dira ikiwemo.

Sindano ya dira mara nyingi haielekei kaskazini halisi kabisa. Huchepuka, na kiasi cha mchepuko hubadilika kadiri miaka inavyopita. Tena huinama. Tabora iko kusini mwa ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano haiinami, unaopita Ethiopia, kwa hiyo ncha ya kusini ndiyo inayoshuka. Mchepuko na mwinamo: maneno mazuri, yafundishwe shuleni.