Nairobi hadi Nairobi kwa Njia ya Marekani

Neno mtandao limetokana na kitenzi kutanda, yaani kuenea, kama wingu linavyotanda juu ya mlima. Neno la pili utakalohitaji leo ni itifaki, lenye asili ya Kiarabu na maana ya mapatano. Katika kisa cha majirani zetu wa Kenya ninachotaka kukusimulia, neno hili la pili ndilo lenye uzito. Kompyuta zilikuwapo, waya ulikuwapo. Kilichogombaniwa kilikuwa mapatano.

Lakini huwezi kukielewa kisa hiki kabla ya kuelewa jinsi kompyuta zinavyozungumza. Katika simu ya zamani, watu wawili walipokuwa wakiongea, njia nzima kati yao ilikuwa yao peke yao mpaka wakate. Kompyuta hazina anasa hiyo. Ujumbe wa kompyuta hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kila kimoja, na kila pakiti huandikwa anwani mbili: ya kifaa kinachotuma na ya kifaa kinachopelekewa. Kisha hukabidhiwa ruta. Ruta ni mashine isosoma barua. Husoma bahasha tu. Wala haijui safari nzima. Inachojua ni jirani yupi kati ya majirani zake anayefaa kupokea pakiti hiyo, naye akiipokea humpa jirani yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Pakiti za ujumbe mmoja zaweza kupita njia tofauti na kufika bila mpangilio. Kifaa kinachopokea huzipanga kwa namba zake, na ikikosekana moja, huomba itumwe upya. Kanuni hizi zilielezwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukaanza kuzitumia rasmi.

Tazama tena lile neno jirani. Ruta haimpi pakiti yeyote aliye karibu kwa macho; humpa yule tu ambaye imeunganishwa naye na ambaye mwenye nayo amepatana naye. Nyumba mbili zaweza kutazamana ng'ambo ya barabara, na bado kwa kompyuta zisiwe majirani hata kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila kampuni iliyouza huduma ya intaneti ilikuwa na njia ya kwenda ng'ambo kwa setilaiti, lakini kampuni hizo hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Mteja wa kampuni moja akimwandikia mteja wa kampuni nyingine katika mtaa uleule, barua ilipanda angani, ikashuka Marekani au Ulaya, ikakabidhiwa huko, ikapanda tena na kurudi Nairobi. Hebu tupige hesabu. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja ni kilomita 72,000; kwenda ng'ambo na kurudi ni 144,000; na jibu likisafiri vivyo hivyo, jumla ni 288,000. Hiyo ni sawa na kuizunguka dunia mara saba ili kuvuka barabara moja! Hata mwanga huhitaji karibu sekunde nzima kwa mwendo huo, na kampuni zililipia safari hizo zote kwa fedha za kigeni.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno. Watoa huduma walikubaliana kukutana mahali pamoja, kila mmoja avute waya wake mpaka hapo, na pakiti za Kenya ziende Kenya zikabidhiane palepale. Kituo hicho, KIXP, kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000. Hakikudumu hata mwezi. Telkom Kenya, shirika lililokuwa limepewa haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, lililalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru kituo kifungwe kwa kuwa hakina leseni.

Mimi naiona hoja ile kuwa ya ajabu. Pakiti itokayo Nairobi kwenda Nairobi ina ukimataifa gani? Ulikuwa wa kimataifa kwa sababu tu ililazimishwa kupita ng'ambo. Watoa huduma walijitetea hivyohivyo: kwamba kituo hakimbebei mtu mawasiliano ya nje, bali ni mahali pa wanachama kukutania. Walikata rufaa, wakaeleza jambo hilo hadharani, wakawafundisha wakubwa maana ya ruta. Baada ya takriban mwaka mmoja leseni ikapatikana, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Muda wa pakiti kwenda na kurudi baina ya kampuni ukashuka kutoka zaidi ya sekunde moja hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mikongo ya baharini ilikuja baadaye: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Ilipunguza utegemezi wa setilaiti, lakini ilileta ujirani wa namna nyingine. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, kwa hiyo pakiti zao nyingi hushuka pwani kupitia Kenya au kwetu Tanzania, ambako mkongo wa taifa umefika mipakani Rusumo, Kabanga na Mutukula. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa, na watu walio mbali kabisa na bahari wakaona intaneti ikisuasua. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu siku moja huko kusini, na sisi Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Ukiwa na kompyuta, unaweza kuuona ujirani huu kwa macho yako. Fungua dirisha la amri, andika tracert ikiwa unatumia Windows, au traceroute kwa mifumo mingine, kisha anwani ya tovuti ya chuo kikuu kimoja cha nchi jirani. Utaletewa orodha ya ruta, moja chini ya nyingine, na muda wa kila moja kwa sehemu za elfu za sekunde. Baadhi ya mistari itakuwa na nyota tu, kwa kuwa si kila ruta hupenda kujitambulisha. Zihesabu zilizobaki, kisha uangalie kama pakiti yako ilivuka mpaka moja kwa moja, au ilipitia Ulaya kwanza.