UTANI, SEHEMU YA 3: Wahehe, Wangoni na ugomvi wa mochwari

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa tuendelee. Kuna mtu aliniuliza inbox, "Nesi, hivi utani ulianzaje?" Jibu fupi: mara nyingi ulianza na damu.

Chukua Wangoni. Walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baadhi yao wakaishia huku kwetu Songea. Walikuwa wapiganaji hasa. Kaskazini yao wakakutana na Wahehe wa Iringa, nao si watu wa kuchezewa. Wakapigana tangu 1878 mpaka 1882 hivi, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Sasa mnafanyaje na jirani uliyeshindwa kumshinda? Wazee wakaacha silaha, yakabaki maneno. Leo Mhehe anamwita Mngoni mtumwa wake, Mngoni anajibu hivyo hivyo, na anayenuna ndiye mwenye kosa.

Wengine utani wao ni wa njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakitoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, miezi kadhaa, wakipita kwa Wagogo na Wazaramo. Ukiwa mgeni mwenye njaa na mzigo kichwani unahitaji mtu wa kukupa maji bila kukuuliza sana. (Kwa Wagogo misafara ililipa ushuru ulioitwa hongo. Ndiyo, neno ni hilo hilo!)

Ila kazi kubwa ya mtani iko msibani. Anachimba kaburi, anapika, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza mpaka apewe chochote. Ndugu wa damu hawezi kufanya hayo.

Niliyaona mwenyewe. Mzee mmoja wa Kingoni alifia wodini kwetu alfajiri. Kufika saa tatu, watoto wa mke mkubwa wanataka azikwe Songea, wa mke mdogo wanataka hapa hapa mjini. Mmoja kashamkunja mwenzake shati, pale mlangoni mwa mochwari. Mimi nina fomu mkononi, sijui nimpe nani asaini. Ndipo akaja baba mmoja, jirani yao, Mhehe. Akakaa chini katikati ya mlango, akanyoosha miguu. "Huyu mtumwa wangu hatoki mpaka mnilipe. Na nyie Wangoni mmeshindwa vita tangu zamani, leo mnapigania maiti?"

Kimya. Halafu dada mkubwa akacheka huku analia, akatoa elfu mbili. Yule baba akaikataa, akasema ni ndogo, akataka na soda. Wakaanza kubishana naye yeye, wote upande mmoja! Baada ya nusu saa walikuwa wamekaa kwenye benchi wanaongea nauli ya kwenda Songea.

Lakini nisiwadanganye. Mke mdogo hakuwa Mngoni, yale maneno yalimchoma, na yeye hana mtani wa kumjibia. Nilimpeleka chumba cha manesi, nikampa maji. Utani unataka pande zote mbili ziwe na ruhusa. Pasipo hiyo ni matusi tu, na nimeshaona vijana wa mjini wakilichanganya hilo vibaya sana.

Sehemu ya 4 tutaingia Simba na Yanga, watani wa jadi. Yanga 1935, Simba 1936. Msianze kugombana kwenye koment kabla sijaandika.